Snea ya Mjomba

Nimepotea hapa kibarazani karibu mwezi mzima. Walioniandikia kuuliza kama nimefukuzwa kazi au nimeoa, majibu ni hapana na hapana. Nilikuwa nasikiliza snea. Ndiyo, umesoma vizuri. Snea, ile ngoma ya katikati kwenye seti ya dramu, inayolia "pa!" na watu wakainuka vitini. Nimeisikiliza asubuhi kabla ya kwenda chumba cha habari, nimeisikiliza usiku nikirudi, mpaka mwenzangu ninayeishi naye akaniuliza kama nina akili timamu.

Haya, ngoja nianze mwanzo.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, ni mpiga dramu. Alianza na bendi za dansi mwishoni mwa miaka ya 80, na hajawahi kuwa jina kubwa. Ni mmoja wa wale watu ambao kwenye bango hawatajwi, wanakaa nyuma ya jukwaa, jasho linawatoka, na saa tisa usiku wanabeba vyombo wenyewe. Bendi nyingine alizopigia zilikufa kabla hazijarekodi hata wimbo mmoja. Nyingine zilirekodi, lakini siku hiyo aliyekaa kwenye dramu alikuwa mtu mwingine. Zaidi ya miaka 30 ya kupiga, na ukiniuliza ni wapi unaweza kumsikia, sikuwa na pa kukuonyesha.

Mwaka jana yeye na wazee wenzake wakaamua kuchangishana wakarekodi nyimbo nne. Nami nikatoa mshahara wangu wa mwezi mmoja. Wanaojua mshahara wa mwandishi wa habari naomba wasicheke.

Walirekodi katika chumba cha kupanga, kuta zote zimefunikwa sponji za magodoro. Ukisema neno humo ndani linafia mdomoni. Maiki za dramu zilikuwa saba: moja ndani ya kiki, moja juu ya snea, tatu kwenye tomu, mbili zinaning'inia juu ya matoazi. Hakukuwa na maiki ya kuchukua sauti ya chumba, kwa sababu chumba chenyewe hakikuwa na sauti. Nilikuwepo. Mjomba alipiga siku mbili, akatoka kalowa, akaniambia, "Mpwa wangu, leo nimepiga."

Wiki saba baadaye akapata kiharusi. Mungu mkubwa, amebaki na kauli yake na anatembea kwa fimbo. Lakini mkono wa kushoto haushiki kijiti tena.

Sasa mnaelewa kwa nini nyimbo hizo nne si nyimbo nne tu.

Fundi mitambo alipomaliza kumiksi akanitumia. Nikavaa hedifoni, nikabonyeza. Jamani! Ilikuwa kubwa. Kiki inapiga kifuani, snea inalia kama mtu anafunga mlango wa kontena. Nikajiambia, hii ikipigwa redioni hakuna atakayejua imetoka kwenye chumba cha magodoro. Jumapili nikaipeleka kwa Mjomba na spika ndogo mkononi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Lete hiyo kazi."

Akasikiliza wimbo wa kwanza wote, kainamisha kichwa. Ulipoisha akauliza, "Nani huyu anapiga?"

Nikacheka. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. "Anapiga vizuri," akasema, "lakini mimi simjui." Akaomba maji ya kunywa, tukaanza kuzungumzia mambo mengine. Wimbo wa pili hakutaka kuusikia.

Nilirudi nyumbani na hasira, na kama ilivyo kawaida ya mwandishi, hasira ikanipeleka kutafuta habari. Kesho yake nikaenda studio, nikamwomba fundi anifungulie treki zake zote, anionyeshe alichokifanya.

Alichokifanya ni hiki. Kuna programu unazoziwekea treki ya snea iliyorekodiwa, nazo zinaisikiliza. Kila sauti inapovuka kiwango ulichopanga, programu inaweka hapohapo sampuli, yaani sauti ya snea nyingine iliyorekodiwa mahali pengine, mara nyingi kwenye studio kubwa ya ng'ambo yenye chumba kizuri. Ukitaka unaichanganya na ya asili. Ukitaka unaiondoa ya asili kabisa, inabaki sampuli peke yake. Fundi wetu aliiondoa kabisa, kwenye snea na kwenye kiki.

Na hakufanya kwa uvivu. Akanipigia snea ya asili ikiwa peke yake. Ilikuwa kavu, imekosa mwili, na juu yake haihati inavuja kwa nguvu, kwa sababu maiki ilikaa karibu nayo. Ukiongeza sauti ya snea, haihati inapanda nayo. "Ungefanyaje?" akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Lakini kulikuwa na tatizo moja ambalo nililiona kwa macho kabla sijalisikia. Kwenye skrini, mawimbi ya Mjomba yalikuwa na milima na vichuguu. Milima ni mapigo makubwa. Vichuguu ni yale mapigo madogo ya mkono wa kushoto, kijiti kinaigusa ngozi kidogo tu katikati ya mapigo makubwa. Mjomba anayaita minong'ono. Ndiyo yanayofanya dansi yake itembee badala ya kupiga kwata. Sasa, minong'ono mingi haikufika kwenye kile kiwango cha programu, kwa hiyo ilifutika. Michache iliyofika ikapewa sampuli ileile ya pigo kubwa, mnong'ono ukageuka kelele. Na milima yote ikawa na urefu mmoja, kama meno ya kitana.

Kwa maneno mengine, kilichofutwa ni mkono wa kushoto. Ule ule mkono.

Hapo ningeweza kuandika makala ya kulaani sampuli, nikapigiwa makofi, tukalala. Kichwa cha habari nilikuwa nacho tayari. Bahati nzuri niliendelea kusoma.

Nilianza na albamu ya Nevermind ya Nirvana, iliyotoka mwaka 1991. Wengi wetu tunaichukulia kama mfano wa muziki mbichi usio na madoido. Dramu alipiga Dave Grohl, mrekodi alikuwa Butch Vig, katika studio ya Sound City huko California, studio iliyosifika hasa kwa chumba chake cha dramu. Kumiksi akapewa Andy Wallace. Na Wallace alitumia sampuli! Ila ujanja wake ni kwamba sampuli hazikuwekwa zisikike zenyewe. Alizitumia kuchochea mwangwi na sauti ya chumba. Unayemsikia mbele ni Grohl. Sampuli iko nyuma inasukuma hewa. Wenyewe Nirvana baadaye walilalamika kwamba miksi ile ilikuwa safi mno, na albamu iliyofuata, In Utero ya 1993, wakamwendea Steve Albini, mtu wa kuweka maiki nyingi chumbani na kuacha chumba kiseme. Yaani hata waliofanikiwa kuliko wote hawakuridhika.

Nikarudi nyuma zaidi. Mwaka 1971 Led Zeppelin walitoa wimbo wa When the Levee Breaks. Dramu za John Bonham ziliwekwa kwenye ukumbi wa chini wa jumba la zamani la Headley Grange, Uingereza, na fundi Andy Johns akaweka maiki mbili juu ya ngazi, mbali na ngoma. Ukubwa unaousikia ni wa zile ngazi, pamoja na kompresa iliyobana sauti na mtambo wa mwangwi. Halafu mwaka 1979, studio ya Townhouse, London, wakirekodi albamu ya tatu ya Peter Gabriel, Phil Collins akiwa kwenye dramu. Kulikuwa na maiki ya juu ambayo kazi yake ilikuwa fundi awasikie wanamuziki wakiongea tu. Ilikuwa na kompresa kali. Siku moja ikabaki wazi Collins akipiga, na fundi Hugh Padgham akasikia chumba kinanguruma. Wakaongeza geti, kifaa kinachokata sauti ghafla, na mtindo huo ukatawala miaka ya 80 yote.

Kumbe wale ambao tunadhani hawakudanganya nao walisaidiwa. Tofauti ni nani alikuwa anaongoza. Kwa Wallace na kwa Johns, mpigaji ndiye anayeanza na mitambo inamfuata. Kwetu mitambo ilianza, na Mjomba akatolewa nje.

Na hapa nyumbani? Sikiliza dansi iliyorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 70 na 80. Bendi nzima inapiga pamoja kwa mkupuo mmoja, dramu inavuja kwenye maiki ya mwimbaji, gitaa linavuja kwenye dramu. Kuvuja huko ambako fundi wa leo anakukimbia ndiko kunakokufanya uone chumba ukifumba macho. Mjomba alilelewa na sauti hiyo. Sisi tulimfungia kwenye magodoro, halafu tukamletea chumba cha Wazungu kwenye faili.

Nikarudi kwa fundi, safari hii na chapati na maharage badala ya hasira. Nikamwambia habari ya mkono. Hakuwa anajua kuhusu kiharusi. Alinyamaza, kisha akafungua tena kompyuta, akarudi mwanzo kabisa wa faili, kabla ya wimbo wa kwanza. Na pale tukakuta hazina.

Mnajua wakati wa kupima sauti fundi humwambia mpiga dramu apige ngoma moja moja? Alikuwa amesahau kuzima kurekodi. Karibu dakika mbili Mjomba anapiga snea peke yake, nguvu tofauti tofauti, haihati imenyamaza kimya. Halafu kiki peke yake. Halafu tomu moja moja.

"Sampuli si hizi hapa," fundi akasema.

Tukaanza upya. Tulichagua mapigo 12 ya snea, kutoka mnong'ono mpaka pigo kubwa. Tulipanga programu ili pigo dogo liitie sampuli ndogo na kubwa liitie kubwa, na sampuli zipokezane, sauti moja isijirudie. Minong'ono ambayo programu haikuiona tuliiweka kwa mkono, mmoja mmoja, usiku tatu. Na ya asili hatukuiondoa. Ilibaki juu, sampuli ikawekwa chini yake, kiasi ambacho ukiizima unahisi kitu kimepungua lakini ikiwepo huisikii.

Kuna mtego mmoja ambao ulitula jioni nzima. Tulipochanganya snea ya asili na sampuli, badala ya kunenepa ikakonda. Mawimbi mawili ya sauti yakipanda pamoja yanaongezeana nguvu. Moja likipanda wakati jingine linashuka, yanakatana. Ilibidi kukuza picha kwenye skrini na kupanga mwanzo wa kila pigo uangukie mahali pamoja, na kwenye kiki tukageuza wimbi kichwa chini. Ghafla mwili ukarudi.

Lakini bado ilikuwa kavu. Dramu nzuri, ila ndani ya kabati. Mwangwi wa programu tulijaribu, ukawa kama kanisa. Ndipo fundi akaniuliza, "Hivi mzee alikuwa anapiga wapi zamani?"

Jumatatu asubuhi tukaenda. Ni ukumbi wa baa ambayo sitaitaja jina, sakafu ya saruji, paa la bati, viti vya plastiki vimepangwa hadi juu. Mlinzi alituona na spika akauliza harusi ni ya nani. Wazo lilikuwa rahisi: tunapiga treki za dramu kupitia spika ndani ya ukumbi, tunaweka maiki mbali, tunarekodi jinsi ukumbi unavyojibu. Kisha jibu hilo tunalichanganya na dramu kavu. Studio kubwa za zamani zilikuwa na vyumba maalumu vya kazi hiyo hiyo. Friji la soda lilikuwa linanguruma, tukaomba lizimwe, mhudumu akatupa dakika 40.

Mjomba alifika na bajaji, hakuna aliyemtegemea mapema hivyo. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akasikiliza kidogo.

"Hiyo spika mmeiweka katikati kwa nini? Dramu haikai hapo."

Akanyoosha mkono wa kulia kuelekea kona ya nyuma ya jukwaa, pale kuta mbili zinapokutana. Tukahamisha. Hiyo ni fizikia tu, kona huzidisha sauti nzito, lakini yeye hakuijua kwa fizikia, aliijua kwa mgongo. Maiki moja tukaiweka mita tatu kutoka kwenye spika, nyingine mita 10, pale walipokuwa wanakaa wacheza dansi wakipumzika. Sauti husafiri karibu mita 345 kwa sekunde moja, kwa hiyo ile maiki ya mbali ilikuwa inachelewa kama milisekunde 29. Ni kidogo sana, lakini sikio linajua: huo ndio umbali wa mtu aliyekaa na soda yake akiangalia bendi.

Fundi akabonyeza. Bati likaitikia. Mjomba akakaa kwenye kiti cha plastiki, mkono wake wa kulia ukaanza kugonga paja.

Wiki iliyopita tukamletea miksi mpya. Wimbo wa kwanza akasikiliza bila neno. Wa pili akatabasamu pale minong'ono ilipopita. "Huyu namjua," akasema. Nikajiona nimeshinda. Kumbe bado.

Wimbo wa tatu, bendi inapoingia kwenye chemko, akainua kidole. "Simamisha. Rudisha." Tukarudisha. Kuna pigo moja la mkono wa kushoto pale ambalo limechelewa na halina nguvu. Fundi aliliona zamani, na mimi ndiye niliyemkataza kuligusa. Nilikuwa nimeshakuwa mlinzi wa ukweli, si mnanijua.

"Hilo liondoe. Weka jingine."

Nikamwambia, "Lakini Mjomba, hilo ndilo ulilopiga. Hiyo ndiyo kumbukumbu yako."

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto. "Mpwa wangu, huo si upigaji wangu. Mkono ulikuwa umeshaanza, sikujua tu. Unataka watu wakumbuke ugonjwa au wanikumbuke mimi?"

Sikuwa na la kusema. Mwanzo nilimkosea kwa kukubali afutwe chote, na sasa nilikuwa nataka kumkosea tena kwa kukataa abadilishiwe pigo moja. Mara zote mbili sikumuuliza.

Na hapo nikamkumbuka mama mmoja wa sokoni niliyewahi kuandika habari zake. Nilinyoosha maneno yake, nikayapanga kwa Kiswahili cha gazeti, yakapendeza. Siku habari ilipotoka alinipigia simu. "Mwanangu, ulichoandika ni kweli, lakini mimi sisemi hivyo." Nilimjibu kwamba ni taratibu za uhariri. Juzi nimempigia kumwomba radhi. Alikuwa ameshasahau, au alinionea huruma, sijui. Ila siku hizi nikimaliza mahojiano namsomea mtu maneno yake. Wengine wanasema acha hivyo. Wengine wanasema hapo nisaidie, nilikosea kusema. Wao ndio wenye maneno.

Basi tuliliondoa pigo lile. Fundi akaweka sampuli ya Mjomba mwenyewe, ya kabla ya wimbo wa kwanza, mkono ukiwa bado mzima. Katika nyimbo nne zote ni mahali pamoja tu ambapo sampuli imesimama peke yake, na siwaambii ni wapi. Mtafuteni wenyewe siku zikitoka.

Kwa ndugu zangu mnaorekodi kwenye vyumba vya magodoro, na najua mpo: kabla mpiga dramu hajaondoka, mwombeni apige kila ngoma peke yake dakika mbili, pole pole mpaka kwa nguvu, na mtunze faili hizo. Hazina gharama. Hujui ni lini utazihitaji.

Nawasilisha. Mjomba anawasalimu.